Kuziba na Kuzibua

Ndugu msomaji, makala ya leo inahusu paa la gari langu. Usifanye haraka ya kuniacha. Mwaka jana paa hilo liliharibu kazi za wanafunzi wangu, na katika kutafuta nani alaumiwe nilijikuta nikitazama mkono wangu mwenyewe.

Gari lenyewe ni dogo, la Kijapani, lililotoka kiwandani mwaka 2001. Lilifika bandarini Dar es Salaam likiwa limekwisha kutumika, kama yalivyo magari mengi ya watumishi wa nchi hii. Huko Japani gari dogo la mtu binafsi hukaguliwa kwa mara ya kwanza likiwa na umri wa miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo una gharama, na kadiri gari linavyozeeka ndivyo mwenyewe anavyoona heri aliuze kuliko kuendelea kulitengeneza. Ndipo linapopanda meli kuja kwetu. Kenya imeweka mpaka wa miaka 8, na Uganda, tangu mwaka 2018, haipokei gari lililozidi miaka 15. Sisi Tanzania hatukufunga mlango, ila gari kuukuu hutozwa ushuru wa ziada kwa sababu ya uchakavu wake. Nilipolinunua langu, nilijiona nimemaliza deni la uzee wake pale forodhani. Sikujua kwamba uzee wenyewe nao hudai, tena hudai polepole.

Gari hilo lina dirisha paani. Madalali huliita sanrufu, na wakilitaja hupandisha sauti kidogo, maana kwao ni pambo linaloongeza bei. Mimi sikulihitaji hata siku moja. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka, mwezi Machi na mwezi Oktoba, jua la saa sita hupita utosini hasa. Ni nani mwenye akili timamu atakayefungua paa lake wakati huo? Dirisha la namna hiyo lilibuniwa kwa ajili ya watu wenye uhaba wa jua. Sisi tuliopewa jua bila kipimo, tulipokea pia tundu la kulikaribisha ndani, na tukaambiwa ni anasa. Kwa miaka minne sikulifungua. Nililisahau kama mtu anavyosahau kifungu cha mkataba alioutia saini bila kuusoma.

Halikunisahau. Mwezi wa Aprili, katikati ya masika, nilikanyaga zulia la mbele nikasikia maji yakinyonyoka chini ya kiatu. Baada ya siku chache ukaja uvundo, na kitambaa cha dari kikapata doa la rangi ya chai karibu na kioo cha mbele. Nilifanya kama wafanyavyo wengi: nilitandika magazeti sakafuni, nikawa nayabadilisha kila asubuhi. Magazeti yale yalikuwa na habari za mafuriko. Niliyakanyaga bila kuzisoma.

Mwezi wa Juni, mvua zilipokwisha kukatika, nilimpata fundi kijana mwenye gereji chini ya mkorosho. Nilimweleza kwamba dirisha hili silitaki, nalo linavuja; basi alizibe kabisa. Alilisukuma kioo nyuma ili asafishe kingo, na hapo nikaona jambo ambalo sikuwa nimeliona kabla. Chini ya kioo, kukizunguka, kuna kijifereji cha bati, na katika kila pembe ya kijifereji hicho kuna tundu dogo la ukubwa wa ncha ya kidole cha mwisho. Matundu manne. Niliyatazama kwa ghadhabu ya mtu aliyemkamata mwizi wake.

"Na hayo, fundi?" nilimwuliza. "Si ndimo yanamopitia maji?"

Alisita. Nakumbuka vizuri kwamba alisita. Akasema, "Bosi, hayo sijui kama ni ya kuziba." Nami, mwenye shahada tatu ambazo hakuna hata moja inayohusu magari, nikamwambia, "Tundu ni tundu. Ziba."

Akaziba. Alitumia silikoni ile inayonuka siki, iuzwayo katika maduka ya vifaa vya ujenzi kwa ajili ya masinki na mabafu. Akajaza matundu manne, akafunga kioo, akapaka mstari mnene kukizunguka kwa nje, akaulainisha kwa kidole kilicholowa sabuni. Nikamlipa shilingi 15,000. Kazi ilipendeza macho. Niliipiga picha nikamtumia mwenzangu mmoja wa idarani ambaye gari lake lina tatizo kama langu.

Julai haikuvuja. Agosti haikuvuja. Septemba nilikuwa nikiwaambia watu kwa kujiamini kwamba tatizo limekwisha. Ndugu msomaji, utakuwa umekwisha kucheka, maana unajua kwamba katika miezi hiyo Dar es Salaam hupata mvua kidogo sana. Lakini usinicheke peke yangu. Ni taarifa ngapi za utekelezaji tulizowahi kuzisoma, au kuziandika, ambazo zilipima ubora wa paa wakati wa kiangazi? Mradi umekamilika, changamoto zimetatuliwa, wananchi wameridhika. Tarehe ya taarifa ni ya Agosti. Mvua haikuulizwa maoni yake.

Vuli ilikuja mwezi wa Novemba. Jioni moja niliondoka chuoni nikiwa na vijitabu 62 vya jaribio la muhula, vimo ndani ya mfuko wa kitambaa. Nilikuwa nimechoka. Niliegesha gari nyumbani chini ya mwarobaini, kama kawaida yangu, nikauacha mfuko kwenye kiti cha nyuma ili niuchukue alfajiri na kuanza kusahihisha. Usiku ule mvua ilinyesha kuanzia saa tano mpaka karibu na adhana. Asubuhi nilifungua mlango nikakuta kitambaa cha dari kimening'inia kama tumbo la ng'ombe. Nilipokigusa tu, kilipasuka. Maji yaliyokuwa yamejikusanya juu yake yakamwagika yote kwa mara moja juu ya kiti na juu ya mfuko, ambao tayari ulikuwa umelowa tangu usiku.

Nilivianika vijitabu sebuleni, juu ya meza, juu ya viti, juu ya kamba. Wino wa kalamu za kawaida, zile za bei ndogo, ulistahimili. Wino wa zile kalamu laini ambazo vijana wanazipenda siku hizi uliyeyuka ukawa mawingu ya buluu. Jioni nilihesabu: 39 vilisomeka vizuri, 14 vilisomeka kwa shida, huku na kule, 9 havikusomeka hata kidogo. Majina yalikuwapo kwenye majalada. Majibu hayakuwapo.

Naomba nikiri yaliyopita moyoni mwangu katika siku tatu zilizofuata, kwa sababu ndiyo sababu ya kuandika makala haya. Mwenzangu mmoja, mtu mwema anayewapenda wanafunzi wake, alinishauri kwa nia njema: "Ndugu yangu, hao tisa wape wastani wa darasa. Hakuna atakayeumia, na hakuna atakayejua." Nililifikiria kwa uzito kuliko ninavyopenda kukubali. Ni rahisi, ni kimya, na kwenye jedwali la alama namba hizo zingefanana na namba nyingine zote. Kisha nikaanza kuandika dokezo kwa mkuu wa idara. Sentensi yake ya kwanza ilisema kwamba vijitabu viliharibika "kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wangu." Niliiandika bila kufikiri. Mkono unaijua sentensi hiyo. Sote tuliofanya kazi katika ofisi za umma tunaijua kama tunavyoijua salamu.

Kabla ya kulipeleka dokezo nililipeleka gari kwa fundi mwingine. Huyu alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu mdogo, mtu wa Kilwa, mwenye gereji isiyo na kibao. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza ninafanya kazi gani, nikamwambia. Kisha akazunguka gari mara moja bila kuligusa. Akachukua kikwangulio cha plastiki, akaanza kuichambua silikoni taratibu, kama mtu anayemenya chungwa asilotaka kulikata. Chini yake rangi ilikuwa imefura, na chini ya rangi kulikuwa na kutu changa ya rangi ya matofali. Akanieleza kwamba silikoni ile, inapokauka, hutoa asidi ya siki, na asidi hiyo hula bati. Mstari uliopendeza machoni pangu tangu Juni ulikuwa ukiliozesha paa kimyakimya miezi yote hiyo niliyokuwa nikiusifu.

Kisha akasukuma kioo, akaona matundu manne yaliyojazwa. Akanyamaza. Akaingiza ncha ya bisibisi, akavuta kizibo kimoja, akakiweka kiganjani mwake.

"Mwalimu, hapa nani aliziba?"

"Fundi aliyetangulia," nikajibu.

Lilikuwa jibu la kweli, na lilikuwa uongo.

Akanifundisha, kwa upole, jambo ambalo ningeweza kumwuliza mtu yeyote tangu Aprili. Mpira unaokizunguka kioo haukutengenezwa kuzuia maji yote. Waliolisanifu gari walijua kwamba mpira huchoka, kwamba bati hutanuka kwa jua na kusinyaa usiku, na kwamba maji kidogo yataingia tu. Kwa hiyo walitengeneza kijifereji cha kuyapokea, na katika pembe zake wakaweka mirija minne. Miwili hushuka ndani ya nguzo za kioo cha mbele na miwili ndani ya nguzo za nyuma, na yote hutoa maji nje, chini ya gari. Matundu yale yalikuwa njia ya kutokea. Gari langu lilikuwa likivuja mwezi wa Aprili kwa sababu mirija ilikuwa imejaa vumbi na vijani vidogo vya mwarobaini, maji yakakosa pa kwenda, yakafurika ndani. Nami, kwa kuona tundu na maji mahali pamoja, nikahukumu kwamba tundu ndilo lenye kosa. Nikaamuru lizibwe. Baada ya hapo tone lolote lililopenya kwenye ufa wa silikoni lilibaki kijiferejini likisubiri wenzake, mpaka usiku ule wa Novemba.

Mzee hakutumia mashine ya upepo. Alisema upepo mkali huweza kuuchomoa mrija kwenye kiungo chake ndani ya nguzo, na ukichomoka huko, kuurudisha ni kulifumua gari zima. Alichukua mshipi mnene wa kuvulia samaki, akaulainisha ncha kwa moto ili usitoboe, akauingiza katika tundu la kwanza akiusukuma na kuuzungusha kwa vidole viwili. Ukapita, ukakwama, ukapita tena. Alipoutoa ulikuja na uji mweusi. Akamimina kikombe cha maji kijiferejini na kuniambia niiname nitazame chini ya gari, nyuma ya gurudumu la mbele. Nilipiga magoti kwenye mchanga wa gereji na kusubiri. Likaanguka tone, kisha ukaja mchirizi mwembamba mchafu, kisha maji safi. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho jambo dogo namna ile lilinifurahisha kiasi kile.

Lugha yetu imeliona jambo hili zamani. Kiswahili huchukua kitenzi, kikakiongezea sauti moja mwishoni, kikageuza kazi yake: kufunga na kufungua, kufuma na kufumua, kuziba na kuzibua. Ni mikono ileile na mahali palepale, ila busara inayotakiwa ni nyingine. Tumelelewa na methali isemayo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, nayo ni methali ya haki. Lakini inahusu ufa. Haikusema kwamba kila penye uwazi ni ufa. Kabla ya kuziba, mtu anatakiwa kujua kama uwazi ulio mbele yake ni wa kuingizia au wa kutolea, na ujuzi huo haupatikani kwa kutazama tu. Anayeujua ni yule aliyeusanifu, au yule aliyewahi kuuzibua, au pengine fundi kijana aliyesita kidogo kabla ya kutii.

Tazama jiji letu. Bonde la Msimbazi hupokea maji kutoka vilima vya Pugu na Kisarawe na kuyapeleka baharini karibu na daraja la Selander. Ndiyo kazi yake tangu kabla hatujawa na jiji. Desemba 2011 mvua zilipoteremka, makumi ya watu walipoteza maisha Dar es Salaam, na baadhi ya familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Tangu hapo Jangwani imekuwa ikifurika mara kwa mara, barabara ikifungwa, nasi tukipiga picha. Kwa macho ya mwenye kutafuta kiwanja, bonde tupu katikati ya jiji linafanana sana na nafasi iliyosahauliwa. Lilionekana tundu, tukaanza kulijaza kwa nyumba, kwa kifusi, kwa karakana, kwa taka. Tangu tarehe 1 Juni 2019 tumepiga marufuku mifuko ya plastiki, na ni hatua njema. Lakini pita leo kando ya mtaro wowote wa jiji uone chupa zilivyojipanga.

Tazama pia bajeti zetu. Kuna fedha za maendeleo na kuna fedha za matumizi ya kawaida, na sote tunajua ni zipi zenye heshima. Kujenga mtaro huzinduliwa. Kuuzibua hakuzinduliwi. Hakuna utepe wa kukata, hakuna jiwe la msingi, na ukikamilisha kazi leo unatakiwa kuirudia baada ya miezi sita kana kwamba hukufanya lolote. Tulipotambua kwamba barabara zetu zinakufa kwa kukosa matunzo, ilibidi tuanzishe kwa sheria, mwaka 1998, Mfuko wa Barabara unaolishwa kwa tozo ya mafuta, ili fedha za matengenezo ziwe na chungu chao. Ulikuwa uamuzi wa busara. Unaonyesha pia kwamba tunajijua: tusipojifunga kwa sheria, fedha za kuzibua huishia katika kuzindua.

Kuna na uwazi wa namna nyingine, ambao kwa wasomaji wangu wa vyuoni na wa maofisini ndio ulio karibu zaidi. Ibara ya 143 ya Katiba yetu imeweka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye taarifa yake hufika kwa Rais na kisha bungeni. Kila taarifa hiyo inapotoka, wapo wanaosema inaichafua nchi. Hilo ndilo kosa langu la Juni. Taarifa haileti uchafu. Ni mrija ambao uchafu unatokea. Vivyo hivyo sanduku la maoni ambalo ufunguo wa kufuli lake umepotea, mkutano wa kijiji ambao maswali yanaahirishwa mpaka muda umekwisha, na mwanafunzi anayeambiwa akae chini kwa sababu swali lake lina harufu ya siasa. Mwenye kuziba hapo si lazima awe mtu mwovu. Mara nyingi ni mtu aliyechoka kulowa. Ameona maji na tundu mahali pamoja, naye ana silikoni mkononi.

Sikuwa na haki ya kuyasema haya mpaka nimalize shughuli yangu mwenyewe, kwa hiyo nirudi darasani. Jumatatu niliingia na vijitabu, nikawaeleza wanafunzi yaliyotokea. Niliwaeleza kwa lugha ya dokezo langu: mvua kubwa isiyo ya kawaida, gari kuukuu, kazi mbovu ya fundi. Wakasikiliza kwa adabu. Binti mmoja aliyeketi karibu na dirisha akanyosha mkono.

"Samahani, Mwalimu. Maji yalianza kuingia lini?"

Lilikuwa swali la kawaida kabisa. Nilisikia midomo yangu ikitafuta namna ya kuliziba.

"Aprili," nikasema.

"Asante, Mwalimu," akasema, akakaa.

Hakuongeza neno, wala hakuhitaji. Darasa zima lilihesabu kutoka Aprili mpaka Novemba, nami nikahesabu pamoja nao. Nikaweka karatasi mezani nikawaambia yaliyobaki: kwamba fundi alisita nami nikamwamuru, kwamba niliambiwa niwape tisa wale alama za wastani na kwamba nililipima wazo hilo, kwamba mfuko ningeweza kuubeba hatua ishirini mpaka mlangoni pangu nisiubebe. Hakuna aliyecheka. Baadaye nililichana dokezo la kwanza, nikaandika jingine. Lilikuwa fupi kuliko la kwanza.

Wale 14 niliwaita mmoja mmoja ofisini, tukakisoma kijitabu pamoja, nikisahihisha yaliyoonekana na kuwasikiliza kwa yaliyofutika. Wale 9 walifanya jaribio jipya kwa idhini ya idara, siku waliyoichagua wenyewe.

Ama gari, mzee aliniuliza swali ambalo yule kijana hakupewa nafasi ya kuliuliza: "Sasa, dirisha unalitaka ama hulitaki?" Nikasema silitaki, kweli silitaki. Akasema hiyo ni haki yangu, gari ni langu. Lakini kuna kuziba na kuziba. Alikataa kukata bati na kuchomelea jipya, kwa kuwa bati la paa ni jembamba na moto hulipindapinda, na kwa kuwa fremu inayozunguka dirisha ni sehemu ya nguvu ya paa. Alichomoa fyuzi ya mota ili mtu asije akabonyeza kwa bahati mbaya. Akakwangua kutu mpaka kwenye bati jeupe, akapaka dawa ya kutu na rangi. Kisha akakibandika kioo mahali pake kwa gundi ile nyeusi ya kubandikia vioo vya mbele, ambayo hunyumbulika bati linapotanuka. Kabla ya kufunga alinionyesha mirija minne kwa mara ya mwisho, na pale nyuma ya gurudumu mahali inapotokea, ambapo sasa nitaiingilia kwa chini. "Juu nimeziba," akasema. "Huku usizibe kamwe, hata kama hakuna kinachotoka." Nilimwuliza kwa nini, ikiwa juu pamezibwa vizuri. Akasema gundi ni kazi ya binadamu. Nikamlipa shilingi 120,000, na kabla ya kuondoka nikamwambia ukweli kuhusu aliyeyaziba matundu. Akasema alikwisha kujua, kwa sababu mafundi huwa hawazibi vizuri namna ile pasipo kusimamiwa.

Nilirudi pia chini ya mkorosho kumtafuta yule kijana, kwa kuwa nilikuwa nimeitaja kazi yake vibaya mbele ya watu zaidi ya sitini. Nilimpata. Alinisikiliza, akafuta mikono, akasema, "Bosi, siku nyingine nitakataa." Nilimwambia akatae.

Sasa mshipi wa kuvulia umo ndani ya gari, chini ya kiti. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua likiwa utosini na mvua zikiwa hazijafika, ninapiga magoti uani na kuisafisha mirija minne. Mara nyingi hakuna kinachotoka isipokuwa vumbi kidogo. Jirani yangu huniuliza ninatengeneza nini, nami sina jibu zuri la kumpa.

Limebaki jambo moja. Kati ya wale tisa, wanane walipata alama zinazofanana na kazi zao nyingine za muhula. Wa tisa alipata 11 kati ya 20. Alikuja ofisini wiki iliyofuata, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu. Sikuja kudai alama. Nimekuja kukuambia tu kwamba ile ya kwanza niliifanya vizuri."

Nilimwambia ninamwamini, na ni kweli ninamwamini. Lakini kuamini hakuandikwi kwenye jedwali. Kijitabu chake ninacho bado kabatini, kurasa zake zimeshikana, zote za buluu. Nimejaribu mara kadhaa kukisoma kwenye mwanga wa dirisha. Panapoonekana ni mahali pawili tu: jina lake kwenye jalada, na katika ukurasa wa mwisho neno "kwa hiyo", kisha wino.